UZI: Dorade, samaki mwenye utepe wa dhahabu usoni anayetafuna chaza kama karanga

Chubwi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Wiki iliyopita humu jamvini kulikuwa na mjadala wa samaki wa Ulaya, wengi wakahitimisha kuwa samaki wa huku ni barafu tupu, hana ladha wala historia. Nilisoma nikanyamaza. Leo upepo umetuzuia kwenda kazini, chai ipo, kwa hiyo nimeona nimwage ninachokijua kuhusu samaki mmoja tu ambaye nimegombana naye miaka sita. Sitaki kuzungumzia samaki ishirini. Huyu mmoja anatosha.

Mimi ni mtu wa Tanga. Naishi Sète, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa, na kazi yangu ni chaza. Nyuma ya mji kuna ziwa la maji ya chumvi linaitwa Thau, hektari 7,500 hivi, kina chake kwa wastani ni mita nne na ushee tu. Linapumua na bahari kupitia mifereji inayokatiza katikati ya mji. Sasa, Mediterania haina kupwa na kujaa kama kwetu. Maji yanapanda na kushuka sentimita chache, basi. Huwezi kumtandaza chaza juu ya fungu ukasubiri maji yatoke uende kumwangalia. Anafugwa akining'inia. Kuna vyuma vimesimikwa ziwani, vimeungwa juu kama kichanja, wenyewe wanaviita meza, na kwenye meza kamba zinashuka majini. Chaza mchanga tunambandika kwenye kamba kwa saruji. Ndiyo, saruji. Unachukua watatu, unawakutanisha migongo, unaweka donge, unasogea kidogo, unaweka wengine watatu.

Msimu wangu wa kwanza tulibandika siku nne mfululizo. Vidole vilipasuka. Tukashusha kamba, tukaenda zetu. Tuliporudi wiki iliyofuata, kamba ya kwanza niliyoinua ilikuja nyepesi. Kamba ya chaza ukiivuta unaisikia kiunoni. Hii ilikuja kama kamba ya kuanikia nguo. Madonge ya saruji yalikuwa yameshika palepale nilipoyaweka, na kwenye kila donge kumebaki vigae vya ganda, vimevunjika kingo, kama sahani iliyodondoka. Chaza hakuna hata mmoja. Kamba ya pili vilevile. Ya tatu vilevile.

Bosi hakunigombeza. Alitema mate majini akasema neno moja: *dorade*.

Naendelea, msijaze uzi kwanza.

Mzee wa Kivukoni

Nimekaa pale na kahawa yangu. Shusha mkuu.

Chubwi

Sawa. Nianze na sura yake, maana wengi mmemla bila kumtazama.

Jina kamili sokoni ni dorade royale. Wahispania wanamwita dorada, Waitaliano orata, Waturuki çipura, na Misri ukimwagiza mgahawani utasema denis. Kitaalamu ni *Sparus aurata*, jina alilopewa na Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga majina ya viumbe, mwaka 1758, na hiyo aurata maana yake ni mwenye dhahabu. Dhahabu yenyewe ipo usoni: utepe wa manjano unaong'aa, umepita katikati ya macho mawili kama mtu kavaa kilemba chembamba. Samaki mchanga utepe wake haujakolea, na samaki akishakufa unafifia haraka. Ndiyo maana yule uliyemwona supamaketi juu ya barafu ulidhani ni samaki wa kijivu tu. Mtu aliyemwona akitoka majini jua la asubuhi likimpiga hawezi kusema hivyo.

Mwili ni wa yai, mpana kutoka mgongoni hadi tumboni, bapa ubavuni. Mgongo wa kijivu cha bluu, ubavu wa fedha. Pale mstari wa ubavuni unapoanzia, nyuma kidogo ya jicho, kwenye kona ya juu ya kifuniko cha shavu, ana doa jeusi kubwa kama mtu kambonyeza na kidole chenye masizi. Chini ya doa hilo kuna wekundu kidogo. Pezi la mgongoni lina miiba 11 mbele, ikifuatiwa na sehemu laini. Mshike vibaya, utakumbuka hiyo 11.

Kwa kawaida ni sentimita 35 hivi. Anaweza kufika 70, lakini huyo ukimpata utahadithia wajukuu.

Sasa ufunue mdomo. Mdomo wenyewe uko chini kidogo ya uso, midomo minene. Mbele kuna chonge, nne mpaka sita kila taya, za kunasia na kung'olea. Ukiingiza kidole ndani (samaki akiwa amekufa tafadhali!) utakuta kitu kingine kabisa: magego. Safu kwa safu, ya mviringo, yamepangana kama kokoto zilizosakafiwa. Mara ya kwanza nilipoyaona nilikumbuka kinu. Samaki huyu hali chaza kwa kumfungua kama sisi na kisu. Anamponda na ganda lake, anatema vigae, anameza nyama.

Nikayaelewa yale madonge ya saruji.

MwanaLamu

Yakhe, huyo si changu tu mumempa jina la Kifaransa? Doa jeusi, mwili mpana, magego. Changu doa wa kwetu ana hayo yote.

Chubwi

Swali zuri sana kaka, hata mimi niliwaambia hivyo wakanicheka.

Ni ndugu wa karibu, lakini nyumba mbili. Changu ana familia yake, huyu ana familia yake. Wote wana magego ya kupondea, wote wanapenda mchanga wenye majani na vitu vyenye ganda. Ila fanya hivi: pitisha kidole gumba shavuni, chini ya jicho. Changu shavu lake ni ngozi tupu, laini, halina magamba. Dorade shavu lina magamba. Na uso wa changu umechongoka kwenda mbele, wa dorade umekatika wima kama paji la mtu mwenye kiburi. Doa nalo: changu doa analibeba ubavuni, huyu analibeba begani.

Kuna tofauti nyingine kubwa zaidi ya hizo, nitaifikia. Ni ya chumbani.

Mzee wa Kivukoni

Hapo pa chumbani usichelewe.

Bint Shangani

Asalaam alaykum. Mimi niko Maskati. Huyo wako simjui, lakini huku Ghuba wapo wengi wa familia hiyo hiyo. Kuna anayeitwa shaam, mapezi ya chini yamepakwa manjano, watu wanampenda kwa wali. Ni yeye?

Chubwi

Wa alaykum salaam dada yangu. Si yeye, ila ni binamu kabisa, familia moja. Na huyo shaam wako ana kisa chake kizuri: miaka mingi wataalamu walimhesabu kuwa aina moja na samaki wa Uchina na Japani. Mwaka 2013 mtaalamu wa Kijapani, Yukio Iwatsuki, alipowapanga upya akatenganisha wa Ghuba, na mmoja wao akampa jina *Acanthopagrus sheim*. Sheim ni lile lile jina la wavuvi wa huko. Yaani mvuvi alishajua kuwa huyu ni mtu mwingine, kitabu kikaja kumfuata.

Hata mikokoni kwetu, kwenye vijito vya Kenya na Tanzania, wapo wa ukoo huo huo, weusi weusi. Mtaalamu wa viumbe, Forsskål, aliandika habari za mmoja wao kutoka Bahari ya Shamu, kitabu kikatoka 1775 yeye mwenyewe akiwa ameshafia Yemen. Lakini turudi Thau, nisije nikapotea.

Kapteni Mtumbwi

Mkuu anaishi wapi hasa? Ziwani au baharini? Maana umesema ziwa la chumvi halafu umesema samaki wa bahari.

Chubwi

Hapo ndipo utamu ulipo, na hapo ndipo watu wa chaza tunapojifunza kuhesabu siku.

Ramani yake ni Mediterania yote, Bahari Nyeusi kwa nadra, halafu Atlantiki kuanzia Uingereza mpaka Senegali na visiwa vya Kanari. Baharini utamkuta kwenye mchanga na kwenye mashamba ya nyasi za bahari, yale majani marefu kama utepe yanaitwa posidonia. Wachanga hawavuki sana mita 30 za kina, wakubwa wanaweza kushuka mpaka 150. Anapenda hata pale mawimbi yanapovunjikia, kwa sababu mawimbi yanamfukulia kombe bure.

Ila chumvi haimsumbui. Ikizidi sawa, ikipungua sawa. Kwa hiyo majira ya kuchipua maji yanapoanza kupata joto, anaingia ziwani. Wakubwa wanaingia, na vitoto vya sentimita chache vilivyozaliwa baharini wakati wa baridi vinaingia pia. Ziwa ni jiko: maji kina kifupi, ya vuguvugu, kome, chaza, kaa wadogo, kila kitu kipo. Vinanenepa kiangazi kizima. Na wanaoliwa ni pamoja na chaza wetu wa kufugwa.

Halafu vuli inaingia. Huku kuna upepo wa kaskazini, mkavu, unatoka bara, unapuliza siku tatu mfululizo mpaka masikio yanauma. Ziwa la mita nne linapoa upesi kuliko bahari. Dorade hawezi baridi. Maji yakishuka mpaka nyuzi 4 anakufa. Hangoji yafike huko. Upepo wa kwanza wa maana ukipiga, anajua, anaanza kushuka kuelekea mifereji ya Sète kurudi baharini. Na huko baharini ana shughuli nyingine, kutaga, kuanzia Oktoba mpaka Desemba.

Sasa jiwekee picha kichwani: samaki wa ziwa zima, wameshiba miezi sita, wanapita kwenye mfereji mmoja katikati ya mji. Kuna mtaa wa wavuvi unaitwa Pointe Courte, uko pale pale ziwa linapokutana na mfereji. Siku hizo ukingo unajaa watu bega kwa bega. Wazee wenye viti vya kukunja, vijana waliotoroka kazi, mama mwenye mtoto mgongoni, fimbo zimesimama kama mianzi. Mshipi wa huyu unakatiza wa yule, matusi, vicheko, kila baada ya dakika mtu anapiga kelele.

Waitaliano wa upande wa Venezia wameijua tabia hii karne nyingi. Wanawaachia vitoto viingie kwenye mabwawa ya pwani, wakitaka kutoka wakati wa baridi wanakuta uzio umewasubiri. Mtu wa pwani yetu akiuona ule uzio atasema wando, hata hatauliza.

Mama Samaki Feri

Mimi nauza samaki miaka kumi na saba, nauliza la biashara. Huko wanampanga kwa saizi au kwa kilo?

Chubwi

Shikamoo mama. Kwa kilo, lakini saizi ina majina yake. Wazee wa huku kwa lahaja yao ya kusini, yule mdogo wanamwita sauquène, wa kati méjane, na ni mkubwa tu ndiye anastahili kuitwa dorade. Ukimwita dorade samaki wa gramu mia mbili mbele ya mzee wa Pointe Courte atakuangalia kuanzia miguuni.

Na kuna sheria. Upande wa Mediterania chini ya sentimita 20 unamrudisha majini. Na ukivua kwa starehe, si kwa leseni ya biashara, ukimpata tu unamkata ncha ya chini ya mkia. Hapo hapo, kwa mkasi. Alama hiyo inamaanisha samaki huyu hauzwi. Mwaka wangu wa kwanza sikujua, nilidhani wale wazee wana ushirikina wao.

Mama Samaki Feri

Marahaba mwanangu. Ningekatwa mimi mkia kwanza.

Daktari wa Mitaani

Wakuu, hizo za dorade nimezila Dubai, nilinunua kwenye friji, zote sawasawa kama zimetoka kiwandani. Nyama laini, ila sikuona maajabu yanayosifiwa hapa.

Chubwi

Zimetoka kiwandani kweli ndugu yangu. Huyo ni wa kufugwa. Waitaliano walifanikiwa kuzalisha vifaranga vyake mwaka 1981 na 1982, na mwisho wa miaka ya themanini Hispania, Ugiriki na Italia wakawa wanavizalisha kwa wingi. Leo dorade nyingi zinazoliwa Ulaya ni za vizimba, wakubwa wa biashara hiyo ni Uturuki na Ugiriki. Wanamtoa akiwa gramu 300 mpaka 400, saizi ya sahani moja. Ukiona kwenye boksi wote wamelingana kama mapacha, tumbo la mviringo, utepe wa dhahabu umepauka, huyo amekula chakula cha punje.

Sina ugomvi naye. Mtu mwenye watoto watatu ananunua cha bei yake. Ila usimhukumu dorade wa ziwa kwa huyo; nyama ya aliyekula kaa na kome ni nyingine kabisa, imekaza, na ina utamu fulani wa maji ya chumvi unaobaki kooni. Na mimi nadhani, haya ni maoni yangu tu, huo utamu ni chaza wangu.

Mke wangu anamchoma nusu, kisha anampaka nazi na ndimu kama tunavyofanya nyumbani. Jirani yangu wa Kifaransa alipoonja alikaa kimya, halafu akaomba sufuria. Wahispania wanamfukia mzima ndani ya chumvi wakamwoka, akitoka unavunja gamba la chumvi kwa kijiko. Kizuri nacho, ila kwangu ni kupoteza chumvi.

Mzee wa Kivukoni

Mkuu umepika, umeuza, umeenda Venezia. CHUMBANI bado.

Chubwi

Haya mzee, kaa vizuri.

Dorade anaanza maisha ya ukubwa akiwa dume. Mwaka wa kwanza, wa pili, ni dume, ana mbegu, anafanya kazi ya dume. Akifika mwaka wa tatu hivi, akishavuka sentimita 30, wengi wao wanageuka majike. Ndani ya mwili mmoja sehemu moja inanywea, nyingine inakua. Si wote, wapo wanaobaki madume, lakini wengi. Jike likishakomaa linataga kidogo kidogo kila siku, mayai elfu 20 mpaka elfu 80 kwa siku, na linaweza kuendelea hivyo mpaka miezi minne. Yai lenyewe ni milimita moja, linaelea tu na maji.

Na hapa MwanaLamu ndipo tofauti na changu niliyokuahidi. Changu ni kinyume chake: wanaanza majike, baadhi wanageuka madume ukubwani. Ndugu wawili, nyumba jirani, mmoja anaingilia mlango wa mbele, mwingine wa nyuma.

Mzee wa Kivukoni

Siamini. Huo ni utani wa watu wa Tanga.

MwanaLamu

Ya changu niliwahi kuyasikia kwa watafiti waliokuja kwetu kupima samaki. Walikuwa wanapasua matumbo tu kutwa. Tukadhani wana njaa.

Kapteni Mtumbwi

Kwa hiyo wale wakubwa wote wanaotolewa kwenye mfereji Oktoba ni mama zao? Mbona hatari hiyo.

Chubwi

Kapteni umeliona. Mkubwa karibu daima ni jike, na anapita pale akielekea kutaga. Wazee wa ukingoni wanalijua hilo, na kuna wanaomrudisha mkubwa sana majini baada ya kupiga naye picha. Kuna wasiomrudisha. Mimi kwa kazi yangu mtu angetegemea nifurahi kila dorade anapokufa, lakini nikiwaona wale wakubwa kwenye ndoo, wamejikunja, roho haitulii.

Daktari wa Mitaani

Lakini amekula kamba zako!

Chubwi

Amekula, tena si mara moja. Mwaka wa pili bosi alizungushia meza mbili wavu. Wavu ukaota uchafu, maji yakawa hayapiti vizuri, chaza wakadumaa. Tukautoa. Baadaye tukaanza kuchelewesha kubandika wale wadogo kabisa mpaka karibu na vuli, dorade wakiwa wanajiandaa kuondoka, ili wapate majira ya baridi kukaza ganda. Inasaidia kiasi. Chaza akishakuwa mkubwa na ganda nene, dorade wa kati anamwacha. Yule babu wa kilo nne hamwachi mtu. Kome ndio wameumia zaidi kuliko chaza, maana ganda lake ni jepesi, kundi likiingia usiku mmoja kamba nzima imekwisha. Hata juu kule Bretagne, Atlantiki, wafugaji wa kome wanamlalamikia huyu huyu.

Ana adabu yake ya kula, lazima nimpe. Akimkuta kaa, anamgusa kwanza, anamwacha, anarudi. Anamvunja kidogo, anatema, anasubiri. Mvuvi mgeni anavuta mshipi kwenye ule mguso wa kwanza na anabaki na kaa asiye na miguu. Wenyeji wanatulia mpaka fimbo iiname kabisa.

Kitu kimoja kinanichekesha kila nikikumbuka. Huko Roma ya kale, miaka karibu mia moja kabla ya Kristo, kulikuwa na tajiri mmoja, Sergius Orata. Plinius, mwandishi wa Kirumi, anaandika kwamba ndiye wa kwanza kutengeneza mashamba ya chaza, kule upande wa Napoli. Na hilo jina Orata inasemekana alilipata kwa kumpenda mno samaki huyu. Wengine wanasema ni kwa sababu ya pete zake za dhahabu, lakini mimi nabaki na ya samaki. Yaani mfugaji wa kwanza wa chaza alibeba jina la mwizi wa chaza. Nilimsimulia bosi, hakucheka hata kidogo.

Bint Shangani

Mimi nimecheka kwa niaba yake.

Kapteni Mtumbwi

Chambo bora ni kipi? Na ndoana namba ngapi?

Chubwi

Kaa mdogo wa kijani, mzima, saizi ya sarafu kubwa. Kome na ganda lake pia, unamfunga kwa uzi asije akafunguka. Kuna na minyoo wa mchangani, ila minyoo kila kitoto kinaidonoa. Kaa anachagua mgeni wake. Chubwi, yaani ile risasi ya uzito, iwe ya kutelezea, mshipi upite ndani yake, samaki asisikie uzito anapogusa. Ndoana usiangalie namba, angalia unene wa chuma. Fupi na nene. Nyembamba ataitafuna.

Mzee wa Kivukoni

Ataitafuna ndoana? Sasa hapo umezidi.

Chubwi

Mzee, upepo wa kaskazini umeanza leo asubuhi ndiyo maana nimekaa nyumbani naandika. Kesho alfajiri niko Pointe Courte. Nina kaa kumi na wawili kwenye ndoo, nimewafunika na mwani uliolowa. Nikirudi nitawaambia.

MwanaLamu

Tupo. Kila la heri yakhe.

Mzee wa Kivukoni

Saa nane mchana huku. Mwenye uzi yuko wapi? Au kamezwa?

Chubwi

Nimerudi, sikio la kushoto halisikii kwa upepo.

Kaa wamebaki wawili. Ndoana moja nimeileta nyumbani kwa ajili yako mzee, iko hapa mezani karibu na sukari: mkono umebonyea, imelala bapa, ncha imeangalia upande wa pili kabisa. Aliyeitafuna sikumwona hata rangi. Jirani yangu wa ukingoni, babu wa miaka themanini na kitu, aliishika akaitazama, akanirudishia na kusema nimenunua bati.

Saa mbili asubuhi nikapata mmoja kwa ndoana nene. Sentimita 41. Utepe ulikuwa unawaka hasa, nikamwita mtoto kwenye simu ya picha auone kabla haujafifia. Nikakata ncha ya mkia. Nyumbani mke wangu kampasua, tumbo lina mayai, mifuko miwili ya rangi ya chungwa.

Mzee wa Kivukoni

Kwa hiyo huyo mama mwenye mayai, miaka miwili mitatu iliyopita alikuwa dume?

Chubwi

Kwa urefu ule, ndiyo mzee.

Mzee wa Kivukoni

Weka picha ya ndoana.